Umbali wa Ntiruhungwa

Kwenye cheti cha ubatizo ni Ntiruhungwa.
Kwenye faili la reli, Tabora, ni Luhunga.
Kati ya majina hayo
kuna kilomita mia nne na ushei za mataruma
na karani mmoja aliyekuwa na haraka.

Bi Stamili wa dirisha la tatu, hapa Kigoma, alisema:
"Kikokotoo hakina tatizo, mama.
Tatizo marehemu wenu ni wawili."

Usiku, Katubuka, umeme ulirudi saa nne.
Niliweka kompyuta juu ya dumu la mawese
nikaanza pale ambapo hakuna kazi:
jina likiwa tupu,
umbali ni urefu wa jina la pili.
Asiye na jina yuko mbali na kila mtu
kwa idadi ya herufi za huyo mtu.

Kisha kichwa na mkia.
Vichwa vikifanana, vipishe, iulize mikia.
Visipofanana njia ni tatu:
futa, chomeka, badili.
Shika iliyo nafuu, ongeza moja.
Basi. Yaliyobaki ni kazi kujiita yenyewe
kwa jina fupi kidogo kila mara.

Lugha ninayoandikia haina raba.
Ukisema hii ni n, ni n mpaka kiyama.
Hata kufuta si kufuta:
unazaa jina jingine lisilo na herufi ile,
na la kwanza limekaa palepale, halijaguswa,
kama baba kwenye benchi la stesheni ya Kazuramimba,
bendera ya kijani mapajani,
treni imeshapita.

Mara ya kwanza feni ilipiga kelele, jibu halikuja.
Swali lilelile liliulizwa mara elfu, kila tawi likianza upya,
kama yale madirisha ya mafao
ambapo la nne halijui la tatu limejibiwa nini.
Nikajenga jedwali.
Kila chumba hujibu mara moja tu,
na hakijibu mpaka kiulizwe.

Tano.

Imeanguka n. Imeanguka t. Imeanguka i.
r imekuwa l (hapo simlaumu mtu,
bibi yangu mwenyewe hakuzitenganisha).
Na w, kule karibu na mwisho, imetoka kimya kimya.

Lakini kwa Kiha jina lile ni sentensi.
Ntiruhungwa: kifo hakikimbiwi.
Ondoa zile tano, soma tena:
kinakimbia.
Karani wa Tabora, bila kujua,
alimpa baba miaka thelathini ya kifo kilichokuwa kikimkimbia.

Nikapitisha orodha nzima ya wastaafu.
Sifuri ilitokea moja:
Luhunga, fundi wa mataruma, Urambo, yu hai,
ana namba ya simu.
Herufi kwa herufi, sawasawa na faili letu.
Hatujawahi kumwona.
Sifuri nayo si undugu.

Mama alikuwa anachambua dagaa, akitoa vijiwe vya Kibirizi.
"Tano ni nyingi?"
Inategemea, nikasema. Mtu ndiye anayeweka mpaka.
Mashine inahesabu hatua tu,
haijui nani alizitembea.
"Wakiweka nne?"
Sikujibu.

Akapangusa mikono.
"Mimi sikuwahi kumwita hivyo. Wala hivyo.
Nilimwita weye.
Pima."

Nikapima, ntiruhungwa mpaka weye.
Kumi na moja.
Kumi na moja ndiyo urefu wa jina lenyewe:
hakuna herufi hata moja iliyookoka,
zote zimefutwa au zimebadilishwa,
umbali mkubwa kuliko wote niliopata usiku ule.

"Na alikuwa anaitika," mama akasema,
akarudi kwenye ungo.